Kiondo Kisicho na Mdomo

Dada yangu Ndila hakuwa amepanda hata ngazi za ghorofa kabla ya siku aliyopanda ndege. Sisemi hivyo kumcheka. Nataka mjue ni mtu wa aina gani aliyesimama mbele ya meza ya forodha kule Embakasi, mwezi wa pili mwaka wa 1982, akamfanya ofisa wa serikali achuchumae chini na kumshikia uzi.

Mimi ni Kivuva, mdogo wake. Niliacha shule darasa la nne nikawa utingo, halafu dereva wa lori la mtu kati ya Kitui na Nairobi. Kwetu ni Matinyani. Ndila ni mjane, na kazi yake ni kufuma viondo. Ana mtoto mmoja tu, Kasyoka, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi na kuolewa huko. Mwezi wa kwanza tulipata barua. Kasyoka alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, kidonda kimekataa kufunga, chakula hakipiti, na mtoto hana wa kumshika mchana kutwa. Wauguzi wenzake walikuwa wamechanga wakamnunulia mama yake tikiti. Ilikuwa tikiti ya siku ile na ndege ile. Ukiikosa, imekwisha, hakuna nyingine.

Akina mama wa kanisa walileta chakula cha mzazi: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ndengu, majani ya kunde yaliyokaushwa, na samli kwenye chupa. Vyote vikaingia kwenye kiondo kikubwa ambacho Ndila alikuwa amekifuma kwa ajili ya mjukuu wake. Kilikuwa kimebaki mdomo tu.

Mimi ndiye niliyempa shauri. "Funga huo mdomo," nilimwambia. "Mizigo huibwa njiani. Magunia yangu nayashona kwa sindano, na punje haipotei kutoka hapa mpaka Nairobi."

"Nishone kiondo kama gunia la makaa?" Ndila aliniuliza.

"Basi fanya unavyojua. Bora mtu asiingize mkono."

Nilikuwa na sababu yangu, na afadhali niiseme sasa. Baba yetu alikuwa mwindaji zamani, na alituachia bangili ya pembe ya ndovu aliyokuwa akiivaa juu ya kiwiko. Ilikuwa kwangu. Tangu mwaka wa sabini na nane, sheria ilisema hakuna kuuza kitu kama hicho wala kukitoa nchini. Lakini rafiki yangu mmoja anayeitwa Kiilu, mchuuzi wa kabichi wa Nunguni, alinijaza kichwa. Aliniambia kule ng'ambo watu hutoa pesa nyingi kwa bangili ya zamani ya namna hiyo. Mimi nilitaka lori langu mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuendesha la mtu. Basi Ndila alipokwenda kuteka maji, niliifunga bangili katika kitambaa nikaisukuma katikati ya mfuko wa muthokoi. Nilipanga kumwandikia Kasyoka baadaye. Ndila sikumwambia. Angekataa.

Aliporudi alitandika ngozi kivulini akaanza kufunga kiondo. Mfumaji huanzia kitakoni, akiongeza nyuzi kadiri kiondo kinavyopanuka. Ndila sasa alifanya kinyume. Alipunguza nyuzi, mbili zikawa moja, mbili zikawa moja, mduara ukaminyika mpaka ukabaki tundu la kupitisha kidole, kisha tundu nalo likafungwa. Ncha ya mwisho aliichomeka ndani isionekane. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza, kiondo kilikuwa kama yai kubwa lenye mistari myekundu na myeusi, na mikanda miwili ya kubebea. Nilikigeuza huku na huku nikitafuta mdomo, sikuuona. Nikafurahi sana. Mpumbavu hufurahi upesi.

Siku ya safari nilimpeleka kwa lori. Alikaa mbele na mimi, kiondo mapajani. Tulipofika Embakasi alitazama mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, akaungoja ufunguke, akapita. Mimi ndiye niliyeruka kwa mshtuko.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Kila mtu alipandisha mizigo yake pale ikakaguliwa na watu wa forodha ndipo aende kwenye kaunta ya ndege. Wasindikizaji tuliachwa nyuma ya kamba. Nilimwona Ndila akisogea pamoja na foleni, leso kichwani, nyuma ya Mzungu mmoja mrefu aliyekuwa na vinyago vyake ndani ya magazeti. Ofisa wa meza ile alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe lililonyooshwa, na kibao cha jina kifuani. Alimfungulia yule Mzungu vinyago vyote, kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole, akavisikiliza, akavifunga tena kwa magazeti yaleyale. Hakuna hata kimoja kilichovunjika sikio.

Zamu ya Ndila ilipofika, ofisa alianza na sanduku tulilokuwa tumeazima kwa mchungaji. Aliinua nguo za dada yangu kama mtu anayemvua mtoto aliyelala, akapitisha mkono chini yake, akazirudisha na mikunjo yake. Nimeona polisi wa barabarani wakikagua lori kwa miaka mingi. Hao humwaga. Huyu alikuwa anafanya kazi.

Kisha akachukua kiondo. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akauliza kitu, Ndila akatikisa kichwa, maana Kiswahili chake ni cha sokoni na siku hiyo kilikuwa kimemkimbia. Ofisa akainua macho.

"Nani yuko na huyu mama?"

Nikapita chini ya kamba. Karibu yake nilisoma kibao: Jabiri. Nikajiambia, huyu ni mtu wa Pwani, wa Lamu au wa Mombasa.

"Mzee, hiki hufunguliwa wapi?" aliniuliza.

"Hakifunguliwi, afande. Ni zawadi ya mtoto."

"Zawadi hufunguliwa. Ndiyo kazi yake."

"Ni chakula tu. Mahindi, ndengu, mboga."

"Basi tuyaone hayo mahindi." Alikitikisa, na muthokoi ukavuma ndani kama mvua ya mbali. "Mbona kimefungwa hivi? Nimekuwa hapa miaka tisa. Nimeona sanduku lenye kufuli tatu. Mzigo usio na mlango sijauona."

Nilifanya ujinga wa kwanza. Nilitoa mkono mfukoni ukiwa na noti iliyokunjwa, nikausogeza juu ya meza taratibu kama tunavyofanya kwenye vizuizi vya barabarani.

Jabiri hakuutazama ule mkono. Alinitazama usoni. "Mzee, rudisha huo mkono mfukoni kabla sijaona kilichomo. Nikikiona, nitakuwa na kazi mbili, na mama yako ana ndege moja."

"Si mama yangu, ni dada yangu."

"Basi mheshimu dada yako."

Niliurudisha. Halafu nikafanya ujinga wa pili, mkubwa zaidi. Nilimgeukia Ndila nikamwambia kwa Kikamba, haraka, kama mtu anayesema siri: "Kiache hiki kiondo. Sema hukitaki, nitarudi nacho. Kitatutia ndani."

Aliyejibu ni Jabiri, tena kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu.

"Nani atatiwa ndani, na kwa sababu gani?"

Sijui kama mmewahi kusimama mahali mkatamani sakafu ipasuke. Kumbe mtu yule alikuwa mzaliwa wa Mwingi, wa zile familia za Waislamu za pale mjini, na Kikamba amekinyonya kama sisi. Nami nilikuwa nimesoma jina lake nikampeleka Lamu.

Alimgeukia Ndila, na sauti yake ikabadilika. "Wakya, mwaitu," alimsalimu, kama mtu anavyomsalimu mama mtu mzima kwetu.

"Aa," Ndila aliitikia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke Matinyani. "Kumbe una ulimi, mwanangu. Mbona umeniacha niteseke na huyu?"

"Huyu ana nini? Anatoka jasho kuliko watu wanaobeba mizigo."

"Anaogopa kofia za serikali tangu utotoni. Karani wa sensa alipokuja nyumbani, yeye alijificha ndani ya kihenge. Hakuhesabiwa."

Mtu nyuma yetu alicheka. Mimi sikucheka. Jabiri naye hakucheka sana. "Mwaitu, nimesikia alichosema. Nikikuachia sasa, mimi si ofisa, ni pambo la meza. Lazima kifunguliwe." Akatoa kisu kidogo kwenye droo.

Ndila aliweka kiganja juu ya kiondo, palepale kisu kilipokuwa kinakwenda. Hakupiga kelele. "Weka hicho chako. Ukikata uzi mmoja wa hapa juu, kitafumuka mpaka kitakoni. Mjukuu wangu atapata nini, mkia wa uzi? Nipe nafasi nikifungue mwenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Kukifunga kulichukua asubuhi. Kukifungua ni upesi kuliko kukifunga."

Jabiri alitazama saa ya ukutani. "Kaunta yako inafungwa baada ya dakika arobaini. Ikifungwa, siwezi kuifungua mimi. Ukipenda, acha kiondo hapa, uende na sanduku. Huo ndio ukweli."

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo akubali kukiacha. Ndila aliwaza kidogo tu. "Binti yangu hali chakula cha huko," alisema. "Nikienda mikono mitupu nitakuwa nimekwenda kumtazama."

Akatandika leso yake sakafuni, kando ya meza, akaketi na miguu imenyooka mbele kama aketivyo nyumbani, kiondo mapajani. Alikipapasa juu kwa kidole gumba, polepole, akiangalia pembeni. Kidole kikasimama. Akaingiza ukucha, akavuta, na ncha ikatokea. Watu wa foleni walikuwa wamesogea kuona. Yule Mzungu wa vinyago alikuwa ameshamalizwa, lakini hakuondoka.

Uzi ulianza kutoka. Ulitoka kwa mzunguko, mrefu, na ukaanza kujikunja wenyewe kwa wenyewe. Ndila alitazama juu. "Wewe mwana wa Mwingi, umesimama tu? Shika hapa usijifunge."

Jabiri alitazama foleni, akatazama shati lake jeupe, kisha akachuchumaa. Akaupokea uzi na kuuzungusha katika vidole vyake bila kuuvuta.

"Umeshika vizuri," Ndila alimwambia.

"Mama yangu Khamisa husuka mikeka. Siku moja nilimkatia ukili, akanichapa nao huohuo."

"Alikulea."

Ofisa wa meza ya pili, mmoja anayeitwa Mutiso, alipaza sauti. "Jabiri! Watu wanangoja! Kata hicho kikapu tuendelee!"

"Walete kwako, Mutiso. Hapa kuna ukaguzi."

Sasa nisemeje kuhusu mikono ya dada yangu? Nimemwona akifuma tangu nikiwa sina meno ya mbele, na sikuwahi kuitazama. Mtu hatazami mikono inayomlisha. Siku ile niliitazama kwa sababu niliiogopa. Ilikuwa haina haraka na haikusimama hata mara moja. Safu ya kwanza ilikwisha, ya pili, ya nne. Tundu likaonekana, likawa la kidole, likawa la ngumi. Kila lilipopanuka nilijiona mimi ndiye ninayevuliwa nguo. Saa ya ukutani ilikula dakika kumi na saba. Mkono wa mtu ukaweza kuingia.

Ndila alianza kutoa vitu mwenyewe na kumkabidhi Jabiri. Majani ya kunde. Jabiri aliyafikicha, akayanusa. Samli. Aliifungua akaingiza waya mwembamba mpaka chini, akautoa, akaupangusa. Kilichobaki kilikuwa mifuko miwili, ndengu na muthokoi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nitasema. Sikuwa shujaa, ila niliona picha mbili: Ndila akipelekwa na polisi kwa kitu asichokijua, na Kasyoka akimngoja upande wa pili. Lori nikaliona dogo kama la bati.

"Afande," nilisema, "huo mfuko..."

"Kivuva," Ndila alinikata bila kuinua kichwa, "shika ndengu." Akanirushia mfuko kifuani nikaudaka. "Shika kwa mikono miwili. Na ukishika, nyamaza, zisimwagike."

Jabiri aliukunjua mfuko wa muthokoi. Alikunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Akaingiza mkono. Uliingia wote, mpaka kiwiko kikazama. Alipapasa upande huu, akapapasa upande ule, akafika chini, akakoroga. Niliangalia uso wake maana sikuweza kuangalia mkono. Akatoa mkono mweupe kwa vumbi la mahindi. Mtupu.

Akainama akachungulia ndani ya kiondo. Akakipindua. Ikaanguka punje moja ya ndengu ikaviringika chini ya meza.

"Ni chakula," alisema.

"Uliambiwa," Ndila alimjibu.

Niliegemea meza ya serikali.

Zilibaki dakika kumi na tano. Ndila alirudisha vitu ndani, akaupokea uzi wake kutoka vidoleni mwa Jabiri, nao ulikuwa haujafungana hata mahali pamoja. Akafuma safu tatu mbiombio, akaacha mdomo wa kupitisha ngumi, akakaza. "Sasa kina mdomo," alisema. "Kikiulizwa huko kitajibu."

Jabiri alijaribu kukitia alama ya chaki kama mizigo mingine, chaki haikushika kwenye mkonge. Akaandika kikaratasi akakifunga kwenye mkanda. Halafu akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alibeba sanduku na kiondo mwenyewe hadi kaunta, akamwambia yule binti wa ndege, "Huyu nimemkagua mimi. Hajachelewa. Mimi ndiye niliyemchelewesha." Akarudi kwenye meza yake. Aliponipita alisimama kidogo.

"Mzee, nimekikagua kiondo. Wewe sijakukagua."

"Nimesikia, afande."

"Vizuri. Nenda nyumbani."

Ndila alikuja kuniaga kando ya kamba. Nilitaka kuuliza, sikujua nianzie wapi. Alinirahisishia.

"Bangili ya baba iko kwa mke wako."

"Ulijuaje?"

"Mfuko wa muthokoi niliujaza mimi, nikaufunga. Nilirudi kutoka kuteka maji nikaukuta umeinuka vidole viwili. Mahindi makavu hayazai, Kivuva."

"Sasa mbona hukuniambia? Umeniacha nife pale!"

"Wewe ulipoificha, uliniambia?" Alinyoosha ukosi wa shati langu kama nilipokuwa darasa la kwanza. "Nilitaka kuona kama utaniacha niende nayo kimya. Umefungua mdomo. Umechelewa, lakini umefungua. Kwaheri." Akaenda zake, na hakugeuka.

Nilirudi Matinyani nikiendesha kama mwanafunzi wa udereva. Mke wangu Mbula alinipa ugali, na kando ya sahani akaweka bangili. Haikunipa usingizi. Wiki hiyohiyo niliipeleka ofisi ya wanyamapori Kitui. Karani aliniuliza nimeitoa wapi, nikasema ni ya baba yangu. Aliniuliza kwa nini naileta sasa, miaka minne baada ya sheria. Nikamwambia nina dada.

Ndila alirudi mwezi wa sita. Kasyoka alikuwa amepona na kuongezeka mwili, mtoto ana meno mawili. Nilikwenda kumpokea, na nilipomwona anatoka nilishangaa. Kiondo alikuwa amemwachia mjukuu, lakini mkononi alikuwa na kingine kipya, cha sufu za rangi za huko, kimefungwa kote kama yai.

"Umempitaje Jabiri na hicho?" nilimuuliza.

"Siku hizi yuko meza ya wanaofika. Nilimfungulia, nikakifunga tena palepale. Alishika uzi bila kuambiwa. Anajua kazi, yule."

Tulipofika nyumbani alitandika ngozi kivulini, akanielekeza niketi. Akaniwekea kiondo mapajani.

"Kuna barua yako kutoka kwa Kasyoka, na picha ya mtoto. Fungua."

Nilimwita Mbula aniletee kisu. Ndila alinitazama tu, na Mbula hakuinuka. Basi nikaanza kupapasa juu kwa kidole gumba, kama nilivyomwona yeye akifanya. Nilipapasa mpaka kivuli kikahama na ngozi ikapata jua. Chai ikaletwa, ikanywewa, mimi sikuinywa. Mwishowe kidole kikagusa kitu kigumu kidogo, kama punje ya ulezi, kimejificha chini ya safu ya kijani.

"Hapo?" niliuliza.

"Mimi si forodha," Ndila alisema, huku akinyoosha vidole vyake viwili tayari kushika uzi. "Vuta uone."